Elektroni Haijui Kama Unaitazama

Swali: Nimesikia kwamba katika fizikia ya kwanta, jicho la binadamu hubadilisha tabia ya elektroni. Ni kweli?

Jibu: Jicho halihusiki kabisa. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walirusha elektroni moja moja, kila moja ikiwa na njia mbili za kufikia kigunduzi. Kila elektroni ilitua kama nukta moja. Zilipofika makumi ya maelfu, nukta hizo zilijipanga kwa milia, jambo ambalo ni kawaida ya mawimbi yanayopita njia zote mbili.

Swali: Mbona basi husemwa kwamba ukichungulia njia iliyopitwa, milia hutoweka?

Jibu: Hutoweka kweli, lakini si kwa sababu ya kuchungulia. Inatosha habari ya njia ibaki mahali fulani. Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika Vienna, likachapishwa mwaka 2004. Watafiti walitumia molekuli za atomi 70 za kaboni, wakazipasha moto kwa leza kabla hazijaingia kwenye njia zake. Kitu chenye moto hutoa mwanga, na mwanga huo huondoka na habari ya mahali ulipotoka. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo milia ilivyofifia mpaka ikafutika. Hakuna aliyeusoma mwanga ule. Uliishia kwenye kuta za mtambo. Ni kama nyayo mchangani: zipo, awe amepita mtu wa kuziona au asipite.

Swali: Huenda kipimo kinaisukuma tu chembe ikapotea njia?

Jibu: Werner Heisenberg alieleza karibu hivyo mwaka 1927, na vitabu vingi bado vinarudia. Lakini mwaka 1998 kundi la Gerhard Rempe, Ujerumani, liliweka alama ya njia ndani ya atomi zenyewe kwa mikrowevu. Msukumo wake ulikuwa mdogo mno kuweza kuvuruga chochote, na bado milia ilitoweka. Kiini cha kipimo ni kufungamana: hali ya chembe inashikana na hali ya kitu kingine, na kutoka hapo huwezi kuieleza chembe peke yake.

Swali: Kabla ya kupimwa, je, elektroni ina mahali pake, ila sisi hatupajui?

Jibu: Nadharia hutupa uwezekano tu, kama alivyoonyesha Max Born mwaka 1926. John Bell alipata njia ya kulipima wazo hilo la majibu yaliyofichika mwaka 1964, na majaribio yaliyowapa Clauser, Aspect na Zeilinger Nobeli ya 2022 yameliweka pabaya: kama majibu hayo yapo, lazima yaathiriane papo hapo hata chembe zenyewe zikiwa mbali.

Swali: Kwa hiyo suala limekwisha?

Jibu: Halijakwisha. Tunajua kwa nini milia hutoweka. Hatujakubaliana kwa nini, kati ya matokeo yote yanayowezekana, tunaona moja tu. Hugh Everett alidai mwaka 1957 kwamba yote hutokea. Wengine wanataka kurekebisha mlinganyo wenyewe wa nadharia ya kwanta. Mimi naona hawa wa pili ndio wa kufuatiliwa, maana dai lao linaweza kupimwa maabara.

Swali: Na hizi semina za kuvuta mafanikio kwa nguvu ya kwanta ya mawazo?

Jibu: Usilipe kiingilio.