Kufundisha kwa Vitendo: Mfereji Uvujao na Chumvi ya Mtoni

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa kufundisha Nalasi, mkoani Ruvuma, atawakuta watoto wanaoujua mto kwa kuchota maji na kuvua samaki. Huenda hawajapata kuona mto uliochafuliwa na chumvi. Kwa hiyo somo hili lisianze na maelezo ya ubaoni, bali lianze na jambo watakaloliona kwa macho yao.

KIINI CHA SOMO
Maji yapitayo katika mfereji wa udongo hayafiki yote shambani. Mengine hunywea ardhini, huyeyusha chumvi iliyomo, kisha huirudisha mtoni. Shambani nako jua huyakausha maji na chumvi hubaki. Katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini ya Moshi, chumvi udongoni imekuwa tatizo la miaka mingi. Mto Colorado wa Marekani ulifika Meksiko ukiwa na chumvi nyingi hata wakulima wakalalamika, na nchi hizo mbili zikapatana mwaka 1973. Mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kupunguza chumvi hiyo. Mifereji mingi ikasakafiwa kwa saruji, mingine ikageuzwa mabomba.

VIFAA
Debe lililopasuliwa kwa urefu kuwa hori mbili, udongo, chumvi, kipande cha nailoni, mabakuli manne na sinia mbili. Toboa matundu chini ya kila hori na ukate pengo ukingoni, upande mmoja. Changanya udongo na vijiko sawa vya chumvi, ujaze, kisha inamisha hori kuelekea penye pengo.

HATUA
1. Wanafunzi wachimbe mfereji katika kila hori. Mmoja uachwe wazi, wa pili utandikwe nailoni.
2. Wamimine polepole lita moja ya maji katika kila mfereji. Bakuli la mbele lipokee maji ya “shambani”. La chini lipokee yachuruzikayo kurudi “mtoni”.
3. Wapime maji ya kila bakuli, kisha yale ya “mtoni” wayaanike yote juani, kila hori na sinia yake. Wasiyaonje.
4. Yakikauka, waulizwe: Sinia ipi ina chumvi zaidi? Chumvi hiyo ilitoka wapi?

TAHADHARI
Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, nilitia chumvi katika maji badala ya udongo. Wanafunzi wakahitimisha kwamba mto ndio uliolichafua shamba. Walisema walichokiona, kosa lilikuwa langu. Kifaa kikipangwa vibaya hufundisha uongo kwa ushahidi.

HITIMISHO
Waelezwe pia kwamba kusakafia mfereji hakutoshi. Mkulima hana budi kumwagilia kwa kiasi, na shamba liwe na mitaro ya kutoa maji yaliyozidi. Mwisho waulizwe: mfereji ukivuja huku juu, nani atakayekunywa chumvi yake? Watoto wa Nalasi, ambao mto wao Ruvuma una majirani wa Msumbiji ng’ambo ya pili, hawatakosa jibu.