Dondoo muhimu: Kabla wageni wa kanisa hawajashika karai

Kanisa lenu linapokea wageni kutoka nje waje kumjengea mjane nyumba Chamazi au Mabwepande, Dar es Salaam? Zingatieni haya.

1. Shughulikieni vibali mapema: viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Ulizeni Idara ya Uhamiaji kuhusu kibali cha ukaazi daraja C.
2. Hakikisheni kiwanja hakina mgogoro. Muoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wa mipakani, kisha fuateni kibali cha ujenzi manispaa.
3. Msijenge bondeni. Waliohamishiwa Mabwepande kutoka mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanajua kwa nini.
4. Pangeni kazi Juni hadi Septemba. Wakati wa masika lori la mchanga hukwama njiani.
5. Kataeni mchanga wa baharini hata ukiwa wa bei poa: chumvi hula nondo.
6. Wageni wabebe karai na kupasiana tofali. Kuta aachiwe fundi na pima maji yake.
7. Msizidishe maji ili zege lilainike kukoroga, linapoteza nguvu.
8. Mwagilieni msingi na kuta asubuhi na jioni, angalau siku 7.
9. Saruji huunguza ngozi: vaeni buti na glavu, si kandambili.
10. Chakula agizeni kwa mama lishe wa jirani, na fundi wa mtaani alipwe ujira wake kamili.
11. Msipige picha za mwenye nyumba wala watoto bila ruhusa.
12. Adhana ikilia, zimeni mashine. Nyumba isiwe chambo cha kubadilisha watu dini.