Kigunduzi cha Sauti ya Kioo: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua

Vigunduzi vingi vya aina hii husikiliza sauti mbili zifuatanazo: kishindo kizito cha kioo kinapogongwa, kisha mlio mkali wa vipande vinavyovunjika. Zisiposikika zote mbili, king'ora hakilii. Kwa hiyo mwizi achomoaye vioo vya luva kimyakimya, au afunguaye dirisha lisilo na komeo, hatagunduliwa. Mapazia mazito nayo hufifisha sauti.

Tunakushauri usome maelezo ya mtengenezaji ujue umbali na aina ya kioo ambavyo kifaa kinamudu. Kabla ya kulipa, mtake fundi akijaribu mbele yako, mapazia yakiwa yamefungwa, kwa chombo kinachoiga mlio wa kioo. Penye luva, ongeza kigunduzi cha mwendo ndani ya chumba.