Jalada limefika, nilitangaze?

Swali: Mchapishaji amenitumia jalada la riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi. Nimelia kwa furaha! Naweza kulionyesha leo?
Mwandishi mpya, Tanga

Jibu: Hongera sana, dada! Furahi, ila subiri ruhusa ya mchapishaji. Huenda hilo bado ni rasimu, kwani upana wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi, ambavyo huenda bado havijaamuliwa. Kagua tahajia ya jina lako, na ISBN ya tarakimu 13 kwa nyuma. Kisha lipunguze jalada kwenye simu hadi ukubwa wa stempu, maana wanunuzi wa mtandaoni wataliona hivyo kwanza. Jina la riwaya lisiposomeka, sema sasa, kabla ya kuchapwa. Na ukilitangaza jalada, mtaje mchoraji. Anastahili kabisa.