Neno "Mbegu" katika Somo la Uzazi wa Mimea

Makusudi ya makala haya ni kuzungumza na walimu wanafunzi juu ya somo moja la sayansi ambalo wengi hulidhani kuwa jepesi, yaani namna mimea inavyozaana. Hatukusudii kulirudia lote. Sehemu za ua zimo katika vitabu vya kiada, na mwanachuo asiyeweza kuchora ua ubaoni ana kazi ya kufanya kabla ya kutusoma. Tunataka kulitazama neno moja tu ambalo huliharibu somo kabla halijaanza, nalo ni neno "mbegu".

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, mwalimu mwanafunzi alieleza kwa utaratibu mzuri kwamba mimea mingine huzaana kwa mbegu, na mingine kwa shina au machipukizi. Kisha akauliza: "Nani atanitajia mmea usio na mbegu?" Mtoto mmoja akasema muhogo, akapigiwa makofi. Mwingine akanyosha kidole na kupinga: "Mihogo ina mbegu, mwalimu. Jana nimebeba mzigo wa mbegu kutoka kwa babu." Darasa likacheka, mtoto akaambiwa akae, somo likaendelea. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma tulimpa mwanachuo alama nzuri. Tulikuwa njiani kurudi chuoni tulipotambua kwamba mtoto yule alikuwa na haki, tena kwa njia mbili, na kwamba sisi tulishiriki kumnyamazisha.

Haki ya kwanza ni ya lugha. Mkulima huita mbegu kitu chochote kinachotiwa ardhini ili kiote: pingili ya muhogo, rando la kiazi, chipukizi la mgomba, kipande cha tangawizi, punje ya mahindi. Hakosei hata kidogo. Sayansi ndiyo iliyolichukua neno lake na kulipunguza maana, ikasema kwamba mbegu ni ovuli iliyorutubishwa ikakomaa, yenye kiinitete ndani yake. Basi mwalimu asilifute neno la nyumbani. Aandike ubaoni vichwa viwili, "mbegu ya mkulima" na "mbegu ya ua", kisha awaache watoto wapange vitu walivyoleta. Watagundua wenyewe kwamba punje ya mahindi inaingia chini ya vichwa vyote viwili, na pingili chini ya kimoja tu. Hapo ndipo maneno "uzazi wa kijinsia" na "uzazi usio wa kijinsia" yanapopata mahali pa kukaa.

Haki ya pili ni ya mmea wenyewe. Muhogo una maua. Maua ya kike hukaa chini ya kishada na hufunguka kwanza. Ya kiume yako juu, na katika kishada hicho hicho hufunguka baadaye, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo ua la kike hupata chavua kutoka kishada kingine au mmea mwingine, ikiletwa na wadudu. Tunda lake ni dogo, lenye vyumba vitatu, na kila chumba kwa kawaida hubeba mbegu moja yenye madoadoa, mfano wa mbegu ya mbarika, ambao ni wa ukoo mmoja na muhogo. Likikauka hupasuka na kuzirusha mbegu. Si kila aina ya muhogo huchanua kwa wingi, na hii ndiyo sababu watu wengi hawajaliona tunda hilo, ingawa wamelima mihogo maisha yao yote.

Mwanachuo atauliza: ikiwa mbegu ipo, kwa nini mkulima anapanda pingili? Kwa sababu pingili huleta muhogo ule ule. Mtamu hubaki mtamu, na mchungu hubaki mchungu. Mbegu ya ua huchanganya urithi wa wazazi, na miche inayotoka katika tunda moja inaweza kutofautiana umbo la jani, rangi ya kikonyo na ladha ya mzizi.

Lakini pingili huhifadhi hata ubaya. Katika shamba la chuo chetu mwaka mmoja tulikata pingili zilizokuwa karibu, pasipo kutazama majani. Sehemu kubwa ya shamba ikaota majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya manjano. Ulikuwa ugonjwa wa batobato, ambao Mjerumani Otto Warburg aliueleza mwaka 1894 kutoka nchi hii hii. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, na huenezwa pia na mkono wa mpandaji anayekata shina lenye ugonjwa. Sisi tuliokuwa tukifundisha kwamba pingili ni nakala ya mama yake tulikuwa tumenakili ugonjwa, mstari kwa mstari.

Kwa kawaida virusi hivyo havipiti katika mbegu ya ua, na faida ya njia hiyo haiishii hapo. Katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, walianza kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira wa Ceara. H. H. Storey na R. F. W. Nichols walitafuta miche inayostahimili ugonjwa, kisha wakairudisha kwa muhogo wa kawaida mara kadhaa ili mizizi ifae kuliwa. D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nijeria, na katika miaka ya 1970 zikawa msingi wa aina mpya zilizotolewa Ibadan. Kila aina iliyochaguliwa, ua liliizaa mara moja, na pingili zikaizidisha maelfu kwa maelfu. Hatujui mfano mwingine unaoweka njia hizi mbili karibu namna hiyo mbele ya mtoto.

Kwa jaribio la darasani, hata hivyo, muhogo ni mzito, kwani mbegu zake huota taratibu na nyingine hazioti. Tumieni mahindi. Kila uzi wa ndevu za mhindi huelekea kwenye ovuli moja, na usipopata chavua kutoka mbelewele, mahali pake hapatakuwa na punje. Chagueni gunzi tatu changa kabla ndevu hazijatokeza, mzifunike zote kwa mifuko ya karatasi na kuifunga. Ya kwanza isifunguliwe mpaka mbelewele za shamba zima zimekauka. Ya pili ifunguliwe asubuhi moja ndevu zikiwa mbichi, mtoto aikung'utie chavua kwa mkono, kisha ifunikwe tena. Ya tatu ifunuliwe mara ndevu zitokezapo, iachwe kwa upepo. Andalio la somo hili huandikwa siku ya kupanda, maana atakayengoja sura ya uzazi ifike kitabuni atakuta ndevu zimekwisha kukauka. Na siku ya kumenya, msiwatangulie watoto kuwaambia wataona nini. Waacheni wahesabu punje za kila gunzi na kuziandika ubaoni.