Kusaka Hitilafu katika Mti wa AVL

Safari hii tushike mti wa AVL, waliouvumbua Adelson-Velsky na Landis mwaka 1962. Sharti lake ni moja: katika kila nodi, kimo cha kushoto na cha kulia visipishane kwa zaidi ya 1. Vikipishana, tunazungusha. Mti usio na sharti hilo, ukiuingizia 1 hadi 1000 kwa mfuatano, unakuwa kamba ya nodi 1000, na kwa kawaida Python hukataa kazi ya kujiita yenyewe kwa kina hicho. AVL haipiti ngazi 14.

Ndugu yetu mmoja anayeishi Dzaleka, kule Dowa, alitufuata Old Town baada ya Alasiri na programu yake kwenye flashi. Jumatatu anaikabidhi isahihishwe. Alikuwa ameshachapisha namba zote kutoka kushoto kwenda kulia, zikatoka zimepangika, akaridhika. Mimi sikuridhika. Kuzungusha hakuvurugi mpangilio hata kukifanyika bila sababu, kwa hiyo jaribio hilo haliwezi kuona ugonjwa huu.

Chukua karatasi, ingiza 50, 30, 60, 20, 10. Kwa mkono, mzizi unabaki 50. Kushoto kwake 20, iliyobeba 10 na 30. Programu yake ilitoa mzizi 20! Tukafungua kazi ya kuzungusha kulia, ambamo y hushuka na x hupanda:

x.kimo = 1 + max(kimo(x.kushoto), kimo(x.kulia))
y.kimo = 1 + max(kimo(y.kushoto), kimo(y.kulia))

Kila mstari peke yake ni sahihi. Ubaya ni zamu. Sasa y ni mtoto wa x, lakini x inapimwa kwanza, kwa kimo cha zamani cha y. Hapa 30 imeshakuwa jani, ila bado imeandikiwa 3. Basi 20 inapewa 4 badala ya 2. Nayo 50 inaona 4 dhidi ya 1, inadhani imeelemewa, inazunguka bure. Anza na y, kisha x.

Kwa macho ni vigumu kuliona hilo, maana hata mti ule mbovu ulikuwa na mizani. Mkaguzi apime upya kutoka chini, asiamini kilichoandikwa:

def kagua(n):
    if n is None:
        return 0
    a, b = kagua(n.kushoto), kagua(n.kulia)
    assert abs(a - b) <= 1, n.namba
    assert n.kimo == 1 + max(a, b), n.namba
    return n.kimo

Ilisimama kwenye 20: imeandikiwa 6, kimo halisi 3. Tulipobadilisha zamu ya ile mistari miwili, tukaiita kagua baada ya kila namba, namba 1000 za kubahatisha, ikapita kimya. Kazi ya kufuta nodi bado hajaiandika. Huko kufuta mara moja kunaweza kudai mizunguko kadhaa hadi kwenye mzizi, kwa hiyo kagua nimemwambia asiiondoe.