Mwanamke na Huduma ya Usomaji katika Misa

Swali: Je, mwanamke anaweza kusimikwa kuwa msomaji parokiani?

Jibu: Ndiyo. Msomaji hutangaza mimbarini masomo yanayotangulia Injili. Injili yenyewe husomwa na shemasi au padri. Kusoma kwa zamu, bila kusimikwa, wanawake wamekufanya kwa miaka mingi. Kusimikwa na askofu, kwa ibada maalumu, ni jambo jingine. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliifanya huduma hiyo iwe wazi kwa walei, lakini wanaume tu. Januari 2021 Papa Fransisko aliondoa sharti hilo, akawafungulia wanawake usomaji na utumishi wa altare. Haki hiyo ilichelewa mno.

Katika parokia za Tanzania, safari ya msomaji mara nyingi huanzia kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, ambako muumini huzoea kusoma Neno mbele ya majirani. Kazi kubwa ni maandalizi: kulisoma somo nyumbani kwa sauti, kulielewa, na kuyazoea majina magumu kama Melkisedeki. Msomaji anayelifungua somo kwa mara ya kwanza mimbarini huwanyima waamini Neno. Mwenye nia amwone paroko au katekista wake.